Gari la Moshi Lililoazima Jina la Bububu

Mgeni anayepelekwa Bububu, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja, aghalabu husimuliwa kisa kifupi na kitamu. Huambiwa kwamba zamani gari la moshi lilikuwa likitoka mjini na kuishia hapo, na kwa kuwa lilikuwa likivuma bu-bu-bu njia nzima, watu wakapaita mahali hapo Bububu. Kisa kina mvuto wake. Kiswahili ni lugha iliyojaa tanakali za sauti, na sikio lililozoea mashairi hukipokea kisa kama hiki kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza neno. Watembezaji wa wageni wamekirithisha, na hata baadhi ya wenyeji wamekikubali, kwa kuwa gari la moshi lenyewe lilikuwepo kweli, na wazee waliolipanda wamekwisha kufa.

Kosa la kisa hiki liko katika tarehe. Reli ya Bububu ilianza kazi mwaka 1905. Mwaka 1886, yaani karibu miaka 20 kabla ya hapo, Seyyida Salme binti Said, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, na ndani yake Bububu imetajwa kwa jina hilohilo, pamoja na nyumba ya pwani alimokaa. Na makazi yenyewe ni ya zamani zaidi kuliko kitabu, kwani Salme aliondoka Unguja mwaka 1866 na hakurejea kuishi. Kwa hiyo jina lilikuwa midomoni mwa watu miongo minne, kwa uchache, kabla injini yoyote haijavuma katika njia ile.

Likitafutwa asili yake ndani ya lugha, jibu halihitaji mvuke. Bububu ni mahali pa chemchemi. Maji yanapotoka ardhini kwa wingi na kwa sauti, Mswahili husema yanabubujika, na hakuna haja ya kusafiri mbali na kitenzi hicho ili kuusikia mlio wa jina. Hata hapo mwenye hadhari atasema kwamba majina ya mahali hayatoi ushahidi wa kiapo. Lakini baina ya maji yaliyokuwepo tangu kale na injini iliyoletwa kwa meli, uzito wa hoja uko upande wa maji.

Huenda msomaji akaona kwamba ni jambo dogo hili, la kijiji na jina lake. Si dogo. Kijiji kikikubali kwamba kilipewa jina na gari la moshi, historia yake inaanza siku mfanyabiashara kutoka New York alipoweka reli, na yote yaliyotangulia, yaani chemchemi, mashamba, nyumba ya binti wa mfalme na watu waliolima na kuteka maji hapo, yanakuwa kiza kisicho na jina. Ndiyo maana inafaa kuisimulia habari ya reli hiyo ilivyokuwa: ilijengwa na nani, ilimbeba nani, na kwa nini ilikufa mapema.

Unguja haikuanza kuiona reli mwaka 1905. Aliyetangulia kuileta ni Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Na hapa njia za ndugu wawili zinakutana kwa namna ya ajabu. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, Seyyid Majid, na Salme, aliyekuwa kijana bado na aliyejifunza kuandika kwa siri, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za njama. Njama iliposhindwa, Barghash alihamishiwa Bombay, na Salme, akiwa amechukiza pande zote, akajitenga na mji na kukaa shamba, kwanza Kizimbani kisha Bububu. Bombay ilikuwa na reli tangu mwaka 1853. Basi fitina moja ya nyumbani ilimpeleka dada kwenye kijiji cha chemchemi, na kaka kwenye mji wa magari ya moshi. Mwaka 1875 Barghash alizuru Uingereza, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kufumwa kwa reli kila upande.

Matokeo yake yalionekana Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Barghash alitandaza reli nyembamba kutoka mjini kuelekea kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzoni mabehewa yalikokotwa na nyumbu. Kisha, mnamo 1881, ikaagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Ilikuwa miongoni mwa reli za mwanzo kabisa Afrika Mashariki, miaka mingi kabla ya ile ya Mombasa na Kisumu. Lakini ilikuwa ya mtu mmoja. Ilimchukua Sultani na jamaa zake kwenda kupunga upepo, na mwenyewe alipofariki ikakosa wa kuitunza, ikang'olewa. Haikuacha alama katika maisha ya mji, isipokuwa sifa.

Ni Barghash huyohuyo aliyefanya jambo jingine ambalo halipigiwi mfano na watembezaji wa wageni, nalo lilikuwa na faida kubwa zaidi. Alijenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi za Bububu mpaka mjini, watu wakayapata bure. Mji uliokuwa ukitegemea visima vya maji ya chumvichumvi, na uliokwisha kuonja kipindupindu zaidi ya mara moja, ulianza kunywa maji safi ya Bububu. Hivyo miaka mingi kabla ya reli, Bububu na mji zilikuwa zimekwisha kuunganishwa, na kilichosafiri kilikuwa kikitoka shamba kwenda mjini.

Reli ya pili ilizaliwa katika hali tofauti kabisa. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Seyyid Ali bin Hamud alirithi kiti mwaka 1902 akiwa hajatimiza umri, na mpaka mwaka 1905 mambo yaliendeshwa kwa niaba yake na Mwingereza, A. S. Rogers, aliyekuwa Waziri wa Kwanza. Katika kipindi hicho kampuni ya Marekani, Arnold, Cheney na Wenziwe, iliyokuwa na makao New York na iliyojulikana pwani hii kwa biashara ya pembe za ndovu, ilipewa ruhusa ya kujenga reli ya kutoka mjini hadi Bububu, na pamoja nayo kazi ya kuleta taa za umeme. Uhusiano wa Wamarekani na Unguja haukuwa mpya. Mkataba wao wa biashara na Seyyid Said ni wa mwaka 1833, na jina la kitambaa cha merikani, ambalo Kiswahili kingali nalo, ni ushahidi wa biashara hiyo. Kampuni iliyokuwa imezoea kununua na kusafirisha sasa iligeuka kuwa mwendesha treni.

Njia ilikuwa maili 7, kama kilomita 11. Ilianzia kwenye Ngome Kongwe, pale Forodhani, na ngome yenyewe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno, ikatumika kama bohari na kituo cha reli. Kutoka hapo ikapita Malindi, ikauacha mji, ikafuata pwani ya magharibi kwenda kaskazini. Abiria aliyeketi upande wa bahari aliyapita magofu ya Maruhubi, kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899, kisha Mtoni, penye jumba kuukuu la Seyyid Said ambamo Salme alizaliwa, na hatimaye akafika Bububu. Kwa muda wa safari moja fupi alikuwa ameipita karibu karne nzima ya ufalme, kinyumenyume.

Ugumu ulikuwa mjini. Njia za Mji Mkongwe ziliumbwa kwa kipimo cha mtu na punda wake. Nyumba za mawe zimesimama uso kwa uso, na baina yake pana upenyo ambao watu wawili wakikutana na mizigo kichwani hawana budi kupishana kwa adabu. Reli nyembamba ilichaguliwa kwa sababu huweza kukata kona kali na gharama yake ni ndogo, lakini hata wembamba wake ulikuwa mpana kwa baadhi ya njia hizo. Gari la moshi lilipoingia, mpita njia alijibanza ukutani au akajitia katika mlango wa watu mpaka behewa la mwisho lipite. Wapiga picha wa Kigoa waliokuwa na maduka mjini, akina Gomes na Coutinho, waliona hapo mandhari ya kuuza. Postikadi za injini ikipenya katikati ya kuta, na watu wamejipanga kando wakiitazama, zimebaki katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji hadi leo. Aliyeinunua kadi ile na kuipeleka kwao aliona kichekesho. Aliyesimama ukutani ndani ya picha hakuulizwa alionaje.

Ukiitazama reli hiyo kwa macho ya leo, ilikuwa ni kile ambacho wahandisi wa miji hukiita reli nyepesi: mabehewa machache, vituo vya karibukaribu, na njia inayogawana barabara na watu. Tatizo lake la kwanza ndilo tatizo la reli zote za aina hiyo, nalo ni kwamba barabara haina wenyewe wawili. Mji ukikubali reli ipite mlangoni, lazima kitu fulani kikae kando. Katika miji inayopanga mambo yake yenyewe, suala hilo hujadiliwa kabla ya chuma kutandazwa, na wakati mwingine ni gari la tajiri linaloambiwa likae kando. Katika Unguja ya 1905 mashauri yalikuwa baina ya ofisi ya himaya na kampuni, na aliyekaa kando ni mwenye baraza. Injini ya mvuke tena hutema cheche na masizi, na nje ya mji wa mawe nyumba nyingi zilikuwa za makuti. Kiswahili hakikuliita chombo hiki kwa chuma chake wala kwa mwendo wake. Kiliita gari la moshi, na jina hilo limetolewa na mtu aliyekuwa nje akilitazama, si aliyekaa ndani.

Hata hivyo, walioupanda usafiri huo hawakuwa wageni peke yao, na itakuwa dhuluma kusema reli haikumfaa mwenyeji. Watu wa mashamba walikuja mjini na mazao yao, wa mjini wakaenda shamba na kurudi siku hiyohiyo, jambo ambalo kwa miguu au kwa punda lilikuwa kazi ya kutwa. Kulikuwa pia na behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli zilizotia nanga bandarini, watu waliokuwa na saa chache tu za kuona minazi na mikarafuu kabla ya honi ya meli kuwaita. Reli ya Bububu ni babu wa utalii wa Unguja, na pengine ndiyo sababu utalii umekuwa mwepesi wa kuipa sifa isiyo yake.

Biashara ndiyo iliyokataa. Kwa hesabu za karatasini, kisiwa cha karafuu kingeweza kulilisha gari la moshi. Lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyozaa karafuu nyingi zaidi. Karafuu za Pemba zilikwenda kwa bahari, kwa majahazi na meli, na hakuna reli ya Unguja ambayo ingeweza kuzigusa. Za Unguja nazo zilikuwa zimetapakaa katika mashamba ya vilimani, mengi yakiwa mbali kupita pale reli ilipokoma. Mkulima alilazimika kupakia punda mpaka kituoni, akashusha, akapakia tena behewani, kisha mjini mzigo ukashushwa mara ya pili. Karafuu ni mzigo mwepesi wenye thamani. Aliyekwisha kumpakia punda wake hakuona sababu kubwa ya kutomwendesha mpaka forodhani. Na zao lenyewe ni la msimu, hali mshahara wa dereva na kuni au makaa ya injini havingoji msimu. Reli ya maili 7 ilikuwa ndefu mno kwa mji na fupi mno kwa mashamba.

Mwaka 1911, mwaka uleule ambao Seyyid Ali bin Hamud alijiuzulu akiwa Ulaya, serikali iliinunua reli kutoka kwa kampuni. Kampuni ya biashara haiuzi kirahisi kitu kinachoiletea faida nono. Tangu hapo gharama za kuiendesha zilikuwa za hazina ya Unguja, yaani za karafuu kwa njia ya ushuru, hata karafuu za Pemba ambazo hazikupanda behewa hata siku moja. Mpemba alichangia gari la moshi ambalo pengine hakuwahi kulisikia.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Mombasa ilikuwa na reli yake ya mjini isiyo na moshi wowote. Kampuni ya Waingereza iliyoshika pwani ya kaskazini kabla ya serikali ilianza mwaka 1890 kutandaza reli nyembamba ya kuingia bara, ikaishia maili 7 tu, idadi ileile ya Chukwani na Bububu, ukipenda mizaha ya historia. Vyuma vyake vikaja kutumika kisiwani Mombasa kwa vigari vidogo vya matoroli, vilivyopita Mji wa Kale na kwenda hadi Kilindini. Kigari kilikuwa na benchi na kipaa cha kuzuia jua, na injini yake ilikuwa watu, wawili au zaidi, wakikisukuma kwa mikono huku wakikimbia. Maofisa na matajiri walikuwa na vyao binafsi. Motokaa zilipozidi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, matoroli yakatoweka, na mji haukuhitaji kuulizana nani alikuwa akisukuma na nani alikuwa amekaa. Mbele ya mfano huo, gari la moshi la Bububu, ambalo mchukuzi na bwana wake waliweza kulipanda kwa nauli, linaonekana kuwa hatua mbele.

Lililoua matoroli ya Mombasa ndilo lililoua na reli ya Unguja. Serikali ilikuwa ikijenga barabara za magari kwenda mashamba, na lori lilimfuata mkulima mpaka penye jamvi la kuanikia. Lilipakiwa mara moja na kushushwa mara moja. Basi nalo lilisimama popote mtu alipopunga mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 huduma ya abiria ilisitishwa. Gari la moshi halikufa siku ile, bali lilipewa kazi ya mwisho, ya kubeba mawe kwa ajili ya ujenzi wa bandari na kujaza ufuko, na lilipoimaliza kazi hiyo, kufikia mwisho wa muongo huo, likanyamaza. Kati ya mwaka lilipoanza na mwaka liliponyamaza hata kizazi kimoja hakikutimia.

Kwa nini basi chombo cha umri mfupi kama huo kimeweza kunyang'anya kijiji jina lake katika masimulizi? Sehemu ya jibu ni kwamba kilikuwa na kelele, na chenye kelele hukumbukwa. Sehemu nyingine ni kwamba watu hupenda kuona vyombo na majina vikifuatana. Dar es Salaam ilipoanzisha treni ya abiria ya mjini mwezi wa Oktoba 2012, kwa kutumia njia za reli zilizokuwepo, watu hawakuliita kwa jina la serikali wala la kampuni, bali waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Hapo chombo kilipewa jina na mtu. Unguja, gari la moshi lilipewa jina na mahali, likaitwa la Bububu, kwa sababu ndiko lilikokwenda. Vizazi vilipopita na gari likasahaulika, jina likabaki peke yake, na msimulizi akaugeuza mkono wa mtoaji na mpokeaji.

Yaliyobaki ya reli yenyewe ni machache. Sehemu kubwa ya njia imefunikwa na barabara ya lami iendayo kaskazini, na mwenye jicho la kutafuta ataona hapa na pale tuta lililoinuka bila sababu, au mabaki ya daraja dogo pembezoni. Ngome Kongwe ilirudi katika kazi nyingine. Katika miaka ya 1940 ilikuwa klabu ya wanawake, na baadaye ikawa ukumbi wa ngoma, muziki na filamu. Katika barabara ya Bububu, kwa miaka mingi, makondakta wa daladala namba 502 wameliita jina la kijiji kila siku kwa sauti kubwa kuliko injini yoyote ya kampuni ya New York. Na maji ya chemchemi, yaliyoingia mjini tangu zama za Barghash, yaliendelea kuingia baada ya reli kung'olewa.